Zimwi Lenye Zipu Mgongoni

Mwaka 1952 Mmarekani mmoja, Arch Oboler, alitoa sinema iitwayo Bwana Devil. Inahusu wale simba wawili waliowala wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898, kwa hiyo ni kisa cha kwetu: reli ilianzia Mombasa, na nyika ya Tsavo haiko mbali na Kinango, hapa Kwale. Oboler lakini sehemu kubwa ya sinema yake aliipigia California. Tegemeo lake lilikuwa miwani ya kadibodi iliyofanya picha ionekane inatoka nje ya kitambaa, na tangazo likaahidi kwamba mtazamaji atawekewa simba mapajani. Wakosoaji waliiponda. Watu wakapanga foleni. Picha ya jarida la Life ya ukumbi uliojaa watu waliovaa miwani ile usiku wa kwanza imejulikana duniani kuliko sinema yenyewe.

Miaka 44 baadaye Hollywood ilikirudia kisa hicho kwa pesa nyingi katika The Ghost and the Darkness. Safari hii waliipigia Afrika Kusini, wakashinda Oscar ya uhariri wa sauti, na bado wakawapa simba manyoya mazito ya shingoni, ilhali wale wa Tsavo, ambao mpaka leo wamesimamishwa ndani ya makumbusho ya Field mjini Chicago, hawakuwa nayo. Tazama sinema hizi mbili ukiwa na mtu aliyekulia Voi. Utacheka zaidi kwa maneno yake kuliko kwa chochote kilichomo ndani ya picha, na hapo utakuwa umeshaelewa nusu ya ninachotaka kukueleza.

Sinema ya kutisha iliyotengenezwa vizuri haikuhitaji. Inajua lini ikushtue na lini ikupumzishe. Wewe kazi yako ni kukaa kimya ufinyangwe. Sinema kongwe yenye kasoro huacha mapengo. Mzuka unachelewa kutokea, mwigizaji anasahau kuogopa, kaburi la kadibodi linatikisika mtu akilipita, kamera inaendelea kumkodolea macho mtu ambaye ameshamaliza kusema. Watazamaji huingia kwenye mapengo hayo na maneno yao. Ndiyo maana nasema ukiitazama sinema ya namna hii peke yako kwenye simu, chini ya neti, umeipoteza bure. Inataka watu, mkeka na midomo.

Na midomo Pwani hatujawahi kukosa. Aliyekulia karibu na banda la vidio, Ukunda au Lunga Lunga, anakumbuka benchi za mbao, televisheni moja iliyofungiwa kwenye kabati la vyuma, na nusu ya wateja wakimpigia kelele akta ageuke nyuma. Makelele yale baadaye yakawa ufundi wa watu kulipwa. Hapa Kenya DJ Afro amejijengea jina kubwa kwa kusimulia sinema za nje kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa waigizaji maneno ambayo hawakuyasema na wasingeyafikiria. Tanzania alikuwapo Lufufu. Uganda wasimulizi wa vibandani ni taasisi nzima, na Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sinema ya vita iliyotengenezwa kwa pesa ambazo hazitoshi kununua simu nzuri, sauti ya msimuliaji VJ Emmie ikawa kiungo cha sinema yenyewe. Anacheka, anatangaza mapigano kama mpira, anamsifu hata anayepigwa. Hiyo si sinema ya kutisha, lakini itazame kabla ya kuandaa usiku wako wa kutazama sinema mbovu za kutisha na wenzako. Ni shule.

Naandika basi kwa ajili ya mtu mwenye ndugu waliojaa nyumbani likizo ya Desemba, au vijana wa Msambweni wenye projekta ya kuazima, au mwenye nyumba ya wageni Diani aliyechoka kuwawekea wageni wake mpira kila usiku. Kwanza utachagua nini?

Kanuni yangu ni moja: ubovu uwe wa bidii. Mtengenezaji awe alitaka kwa moyo wote kukutisha, akashindwa kwa umaskini, kwa haraka au kwa kukosa kipaji, akaendelea tu. Mfano unaotajwa na kila mtu ni Ed Wood na Plan 9 from Outer Space. Mwigizaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, yule aliyekuwa Dracula wa mwaka 1931, alifariki Agosti 1956 akiwa ameacha dakika chache tu za picha. Mwingine angeifuta kazi. Wood akamchukua tabibu wa mifupa wa mkewe, bwana mrefu kumzidi Lugosi na asiyefanana naye hata kwa mbali, akamwambia ajizibe uso kwa joho. Pesa zilitoka kwa Wabaptisti wa Beverly Hills, nao wakashikilia kwamba jina la kwanza, lililotaja wezi wa makaburi, libadilishwe. Ndani ya tukio moja ni usiku. Mtu akigeuza kichwa, jua linawaka. Akigeuka tena, giza. Waeleze wageni wako mambo haya kwa ufupi kabla hujawasha, halafu uone. Kila joho linapopanda kufunika uso, baraza zima litapiga makofi. Bila maelezo hayo wataona tu mtu mwenye joho.

Kinyume chake ni sinema za siku hizi zilizotengenezwa mbovu kwa makusudi, kama Sharknado ya mwaka 2013, papa wanaobebwa na kimbunga. Mtengenezaji ameshacheka kabla yako, wewe unabaki na nini? Vijana watakuambia inachekesha. Dakika kumi za kwanza, ndiyo.

Kasoro nyingine nasamehe zote isipokuwa kuchosha. Manos: The Hands of Fate ya mwaka 1966 ina historia tamu kuliko sinema nyingi nzuri. Aliitengeneza muuza mbolea wa El Paso aliyedai kuwa kazi hiyo si ngumu. Kamera yake ilikuwa haiwezi kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo, na sauti zote zikawekwa baadaye na watu wachache, hata mtoto mdogo akawa na sauti ya mtu mzima. Lakini mwanzoni kuna safari ya gari isiyokwisha, mashamba yanapita, mashamba yanapita, na wageni wako watatoa simu mifukoni. Ukitaka kuionyesha, ruka safari ile. Hakuna atakayekushtaki.

Kwa watu wetu hata hivyo nisingeanza na Wazungu. Ningeanza na Wahindi. Waliokuwa wakivuka feri Likoni kwenda sinema Mombasa, enzi za Regal na Naaz, walizoea picha ya saa tatu yenye nyimbo, machozi na mapumziko katikati, na watoto wao wakazipokea picha hizohizo kwa kanda za vidio. Nagina ya mwaka 1986, Sridevi akiwa nyoka aliyejigeuza mke wa mtu na Amrish Puri akiwa mcheza nyoka anayemwinda kwa zumari, haihitaji tafsiri kwa mtu yeyote wa Tiwi. Bibi wa nyumba atakueleza kisa chote kabla hakijafika. Macho ya Sridevi yanayobadilika rangi leo yanaonekana wazi ni vioo vilivyobandikwa, na nyoka wengine hawajui kama wamo kwenye sinema, lakini yeye anacheza kama mtu anayeyaamini yote, na hiyo ndiyo bidii ninayoisema.

Ukishawapata kwa Nagina, walete ndugu wa Ramsay. Hawa nawapenda kuliko wote. Baba yao alikuwa na duka la redio Karachi kabla ya India kugawanywa. Akahamia Bombay na wanawe saba, wakaingia kwenye sinema. Mwaka 1970 walitoa picha iliyowatia hasara, lakini wakagundua kuna watu wanarudi ukumbini kutazama tukio moja tu ndani yake, la mwizi aliyejivisha kinyago cha kutisha na kuvunja makumbusho. Wakajiambia: basi tutengeneze sinema ambayo yote ni tukio hilo. Wakagawana kazi kama watu wa mtumbwi mmoja: wawili wakaelekeza, mmoja akaandika, mwingine akashika sauti, mwingine kamera, mwingine akakata picha. Do Gaz Zameen Ke Neeche ya mwaka 1972 waliipigia kwenye nyumba ya wageni huko Mahabaleshwar, walikokwenda kikosi kizima kwa basi. Ile ya kutafuta ni Purana Mandir ya mwaka 1984. Shetani wake, Samri, aliigizwa na Ajay Agarwal, mtu mwenye kimo na uso ambao ulipunguza sana gharama za kinyago. Katikati ya laana, kichwa kilichokatwa na hekalu bovu, ghafla sinema inageuka kuwa vichekesho vya kuiga sinema ya Sholay, kisha inarudi kwenye damu kama kwamba hakuna kilichotokea. Mtu makini atalalamika. Mwenyeji mwerevu atatumia vichekesho na nyimbo zile kupitisha chai.

Halafu kuna Wanaijeria, na hapa nitakaa kidogo. Miaka ya 2000 kipindi cha Afrosinema cha televisheni ya Citizen kilitufundisha sote sura za Nollywood, lakini mizizi yake ni Living in Bondage ya mwaka 1992. Kenneth Nnebue alikuwa mfanyabiashara wa kanda tupu za vidio, na inasimuliwa kwamba sinema ilikuwa njia ya kuziuza. Mume anamtoa mkewe kafara apate utajiri, kisha mzuka wa mke unamwandama kila anapotaka kustarehe. Sauti inapanda na kushuka, taa zinaunguza nyuso, na mzuka unatokea kwa ufundi ambao leo mtoto anaufanya kwa simu. Na bado inashika, kwa sababu kila mtu anamjua bwana wa namna ile: jana hana nauli, leo ana gari, wala haelezi.

Sasa tahadhari, na hii naomba uisome bila haraka. Katika kundi hilohilo la sinema za Nijeria zimo zinazomwonyesha mtoto au ajuza kuwa mchawi wa kweli, na dawa yake ikawa kumtesa au kumwua. Maarufu kati yake ni End of the Wicked ya mwaka 1999, iliyotoka katika huduma ya mhubiri Helen Ukpabio, na watetezi wa haki za watoto wameilaumu waziwazi kwa kuchochea watoto kusingiziwa uchawi. Sisi tunaishi Kwale. Hapa na kwa jirani zetu wa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uganga mbaya, mara nyingi nyuma yake pana ugomvi wa shamba. Sinema inayomnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu haina kichekesho barazani kwetu, hata zipu ya zimwi lake ionekane namna gani. Iache. Na hata kwa sinema nyingine, mtu akianza kusema "kama yule mzee wa pale juu", mkatize papo hapo, kwa mzaha ukiweza, kwa ukali usipoweza. Shetani wa Ramsay ana faida moja kubwa: hana jirani yeyote anayefanana naye.

Ukitaka kisichohitaji msimuliaji kabisa, tafuta kazi za Mussa Banzi wa Tanzania za mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta. Kiswahili kipo, mizuka na majini yapo, na ubovu wa bidii umejaa. Wazee huzipenda kwa sababu hawasomi maandishi ya chini, na vijana huzipenda kwa sababu ya nguo.

Nisije nikasahau Anaconda ya mwaka 1997. Haijazeeka sana, lakini wavuvi wa Gazi na Shimoni wataitafuna mpaka mifupa, kwa kuwa inahusu watu wasiojua boti. Kuna mahali boti inaondoka na nyuma yake maporomoko ya maji yanapanda juu, kwa sababu picha ilipigwa boti ikija, kisha ikachezwa kinyumenyume. Usiwaambie ni wapi. Tangaza tu kwamba atakayeona maji yakipanda atapata dafu.

Mahali pa kuonyeshea usipachague kwa ajili ya kutisha. Kila mara kuna kijana mwenye wazo kwamba sinema ya kutisha ipelekwe kwenye mapango ya Shimoni au pembeni mwa msitu wa kaya. Mkatalie. Shimoni walifungiwa binadamu wakisubiri kuuzwa. Hiyo si pambo la mzuka wa kadibodi. Na Kaya Kinondo ina wazee wake na masharti yake, mgeni huingia amejifunga kitambaa cheusi na haingii atakavyo. Uani kwako panatosha. Tena kama unaishi Diani karibu na miti mikubwa, komba watakufanyia kazi ya sauti bila malipo. Mlio wa komba usiku ni wa mtoto mchanga anayenyongwa, na mgeni wa Nairobi ambaye hajawahi kuusikia ataruka kuliko alivyoruka kwa sinema. Mwache kwanza, kisha umweleze.

Shuka nyeupe ya kuonyeshea itundike ukutani, siyo kati ya minazi miwili. Tangu Aprili kusi huvuma, na shuka iliyofungwa kamba nne itajaa upepo kama tanga la ngalawa. Uso wa Sridevi utanenepa na kukonda mpaka watu wapate kizunguzungu. Kati ya Desemba na Machi ni afadhali, ila jasho na mbu. Kwetu giza huwa limekamilika kwenye saa moja. Subiri isha iswaliwe, watu wale, uanze saa mbili au karibu na hapo, na mwezi wa Ramadhani ungoje tarawehe imalizike. Anayeanza mapema anapata watoto peke yao. Anayeanza usiku wa manane anapata walevi.

Sinema nyingi kongwe zina picha inayokaribia mraba. Kuna fundi atakayetaka kuivuta ijaze kioo kizima cha televisheni. Usimruhusu, maana mazimwi yote yatakuwa mafupi na manene na hayatatisha wala kuchekesha. Televisheni mpya pia huwa na mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha, unaoifanya sinema ya mwaka 1968 ionekane kama taarifa ya habari. Ingia kwenye mipangilio uuzime. Kuhusu spika: sauti za zamani hunong'ona zikiongea na hupasua zikipiga kelele. Mweke mtu mmoja karibu na kitufe, jirani zako watakushukuru. Stima ikipotea katikati, na itapotea, msimuliaji aendelee gizani na kumaliza kisa kwa mdomo. Nimeona sinema zikiwa tamu zaidi hivyo.

Msimuliaji huyo umtafute mapema, maana ndiye roho ya usiku wote. Anayefaa kwa kawaida hayuko mbali: kondakta wa matatu za Likoni, mshenga, shangazi asiyenyamaza misibani. Akae mbele kando, siyo nyuma. Aitazame sinema kabla, angalau mara moja, ajue wapi pana ukimya mrefu. Mwambie mambo matatu tu. Awape wahusika majina ya hapa, na yasiwe ya watu wanaojulikana mtaani. Asiseme juu ya wimbo. Na anyamaze pale sinema inapofanya jambo vizuri, kwa sababu hata mbovu kabisa huwa na dakika zake nzuri, mlango unaofunguka polepole, kivuli ngazini, na msimuliaji anayezikanyaga dakika hizo hafai hata kwa mpira. Watu wawili wakitaka kusimulia, wagawe: mmoja awe sauti za wanaume, mwingine za wanawake. Wakigombana, hiyo nayo ni burudani.

Sinema bubu ndiyo mtihani wa msimuliaji. Nosferatu ya mwaka 1922 ni ya Wajerumani. Mahakama iliamuru nakala zake ziteketezwe kwa sababu ilimwibia Bram Stoker kisa cha Dracula bila ruhusa, na mjane wake hakukubali. Nakala zikaponea chupuchupu. Siku zile kamera hazikuweza kupiga picha usiku, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya buluu. Ukipata nakala isiyo na rangi, utamwona mnyonya damu amebeba jeneza lake mjini jua likiwa limewaka, na mwishoni anakufa kwa sababu jua limechomoza! Tafuta nakala yenye buluu kama unataka kuogopa. Tafuta isiyo na buluu kama una msimuliaji mwenye ulimi.

Night of the Living Dead ya mwaka 1968 iweke usiku wa mwisho. George Romero aliitengeneza Pennsylvania kwa dola zipatazo 114,000. Damu ilikuwa sosi ya chokoleti, ambayo kwenye picha nyeusi na nyeupe hakuna anayeitambua. Maiti wengine wanatembea kama watu waliotoka karamuni. Watu wako, wakiwa wameshazoea, wataanza kuitania tangu makaburini. Waache. Lakini shujaa wake ni Duane Jones, mwigizaji Mweusi, katika Marekani ya mwaka ule, na mwisho wa sinema sitausema hapa. Mwagize msimuliaji afunge mdomo dakika kumi za mwisho, na usipange chochote baada yake isipokuwa kahawa chungu na kashata. Mazungumzo yatakuja yenyewe.

Kuhusu sheria nitasema haraka. Nyumbani kwako na ndugu zako hakuna shida. Ukianza kukaribisha umma au kutoza kiingilio, unahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, na alama za umri zinakuhusu: sinema ya 16 au 18 usimwekee mtoto wa madrasa kwa sababu tu yuko na kaka yake. Hakimiliki ni suala jingine. Sheria ya Kenya hulinda sinema kwa miaka 50, kwa hiyo Wood, Oboler, Nosferatu na Do Gaz Zameen Ke Neeche wako nje ya ulinzi huo, ila muziki mpya uliowekwa juu ya sinema bubu huenda una mwenyewe. Romero ni kichekesho: hata kwao Marekani sinema yake ilikosa ulinzi tangu siku ya kwanza, kwa sababu jina lilibadilishwa na tamko la hakimiliki likasahauliwa. Purana Mandir na Nagina bado zina wenyewe. Zitazame sebuleni.

Watoto sasa. Mtoto wa miaka sita hajui kucheka zimwi; kwake kinyago cha mpira ni uso. Mlaze. Wa miaka kumi na moja au kumi na mbili ndiye mtazamaji bora kuliko wote, kwa sababu anaogopa na kugundua ujanja kwa wakati mmoja. Mkalishe karibu na mtu mzima asiyemdhihaki, na mkisimama kwa mapumziko mwulize anadhani kile kichwa kilikatwa vipi. Akishaanza kueleza, hofu imeisha. Usimwambie "si kweli, ni uongo tu" kisha ukamzimia taa. Mpeleke chooni kwanza.

Asubuhi yake watataka kutengeneza yao, na ukiwapa simu ya kurekodia wataimaliza kabla ya adhuhuri, nyuma ya nyumba, kwenye mibuyu. Damu wasinunue. Rangi ya mabuyu ikilowekwa kwa maji kidogo na unga wa ngano inakuwa nzito na nyekundu kuliko ya Hollywood. Ila anayeigiza maiti aivue kanzu ya Ijumaa kabla hajalala chini, maana rangi ile haitoki kwa urahisi.